Januari Haimsubiri Bosi Mpya

Basi la usiku kutoka Mombasa lilinishusha Kibwezi kabla ya adhana, mbele ya vibanda vya chai ambavyo sidhani huwa vinafungwa. Barabara hii nimeipita tangu utotoni. Lakini kama abiria wengi wa Pwani, Ukambani kwangu ilikuwa usingizi wa katikati ya safari: unafumba macho Voi, unayafumbua Athi River. Sikuwahi kushuka. Safari hii nilishuka na begi, daftari na swali moja lililokuwa limenikera kwa muda.

Swali lenyewe lilitokana na maandishi ya wasomi wa Marekani. Mwaka 1965 Arthur Stinchcombe alieleza kwa nini mashirika machanga hufa mapema: watu wake hawajajuana, kila mtu anajifunza kazi papo kwa papo, na mteja bado hajaamini. Mwaka 1984 Michael Hannan na John Freeman wakaongeza jambo la kuudhi zaidi. Walisema shirika likibadilishwa katika misingi yake, hata kama badiliko lenyewe ni jema, hurudi kuwa changa, na hatari zile za utotoni huanza upya. Haya, kama kuibadilisha kampuni kongwe ni kuirudisha utotoni, kuibadilisha ambayo bado haijatoka utotoni ni kuifanya nini?

Kitui na Makueni nilizichagua kwa sababu ni majirani wanaotenganishwa na Mto Athi, wanasema Kikamba kilekile, wanapigwa na ukame uleule, na baada ya ugatuzi wa 2013 serikali zao za kaunti zilithubutu jambo ambalo nyingi ziliishia kulihutubia tu: zilifungua viwanda. Kitui ilianzisha cha nguo, Makueni cha matunda. Halafu Agosti 2022 magavana wote wawili wakaondoka. Mtafiti anayetaka kuona kampuni changa zikibadilishiwa wakubwa hahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo. Nilikwenda Januari. Sikuwa na sababu kubwa ya kuchagua mwezi huo, nilikuwa na nafasi tu. Kumbe mwezi ndio ulikuwa jibu.

Probox ya Kitui ilijaa kwa taratibu zake, yaani watu wanne nyuma na mmoja akishirikiana kiti na dereva. Kando yangu alikaa mzee wa Ikutha aliyepakata kuku. Barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo sasa ni lami safi, na dereva alikuwa na nia ya kuitumia yote. Tuliteremka hadi Athi, mto wa rangi ya chai ya maziwa, tukavuka daraja, kisha tukapanda tambarare ya Yatta, lava iliyoganda kwa urefu wa karibu kilomita 300, bapa kama imepigwa randa. Mibuyu ilisimama kila upande, na punda wenye mitungi ya njano walitupisha bila haraka.

Nilimwuliza mzee kama walipata masika mazuri. Aliniangalia kwa huruma.

"Kijana, wewe ni wa Pwani," alisema. "Masika ya kwenu hapa ni mzaha. Ile mvua ya Machi tunaipandia kwa imani tu. Mvua yetu ni ya Oktoba mpaka Desemba. Ikinyesha hiyo, Januari tunakula. Ikikataa, tunangojea mwaka mzima."

Nilikuwa nimekuja na kalenda ya Mombasa kichwani, ambako vuli ni mvua ndogo na masika ndiyo mvua. Huku mambo yamepinduka. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, mwaka wa shule unaanza Januari, mwaka wa shamba unaanza Oktoba, na uchaguzi unakuja Agosti kila baada ya miaka mitano. Niliandika tarehe hizo nne kwenye daftari bila kujua bado zinanipeleka wapi. Mzee alishuka Ikutha na kuku wake.

Kitui mjini ni pakavu na pana kelele kuliko nilivyodhani. Katika soko la Kalundu nilikuta ndengu kila nilipogeuka: ndengu kwenye magunia, kwenye debe, kwenye turubai zikipepetwa. Kuna zile ndogo zinazong'aa ambazo wenyeji huziita nailoni, na kuna kubwa kiasi wanazoziita uncle. Vitabu vya mbegu vinazitambua kwa jina la N26 na KS20, lakini ukimtajia mwenye gunia majina hayo atafikiri umetumwa na serikali. Ngilu alipokuwa gavana wa kaunti hii alipigia zao hili debe hasa, akagawa mbegu, na Kitui nzima ikawa inaimba ndengu. Baada ya hapo wakaja vijana wa kufungasha.

Kampuni moja ya vijana hao ndiyo iliyonichukua muda mwingi zaidi katika safari hii, nami sitaitaja jina kwa sababu mkurugenzi wake alinieleza mambo ya nyumbani kwao. Ni binti ambaye hajafika miaka thelathini na tano, na aliniita mzee wa Mombasa tangu tulipoonana hadi tulipoagana. Walianza kama chama cha watu waliosoma pamoja. Wananunua ndengu kwa wakulima, wanazipepeta, wanazichagua, wanafungasha pakiti za nusu kilo na kilo moja, na ziada wanaiuza kwa wafanyabiashara wakubwa wa Mombasa. Mtaji wa kwanza ulikuwa mizani na ghala la kukodi.

Mtaji wa pili, ambao hawakuuhesabu, alikuwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiwanunulia. Hakuwa na cheo. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa ghala na kuamua. Alijua nani huanika ndengu juu ya turubai na nani huzianika chini zikaokota changarawe. Alijua ukoo gani ukileta magunia kumi, la chini kabisa ndilo la kufungua kwanza. Kupima unyevu alikuwa na chupa ya soda kavu: anatia ndengu, anatia chumvi iliyoanikwa, anatikisa, kisha anatazama. Chumvi ikiganda kwenye kioo, ndengu mbichi, zirudi nyumbani. Alifanya hivyo mbele yangu, na chumvi ikashuka yote chini. Gunia likaingia.

Kisha kampuni ikapata mwekezaji. Mwekezaji alikuja na masharti ambayo, nikiyasoma moja moja, sioni lililokuwa la kijinga. Kuwe na bodi. Kuwe na mhasibu na programu ya hesabu. Manunuzi yasiwe mikononi mwa mtu mmoja, bali yafanywe kwenye vituo vitatu vyenye karani, fomu, na kipimo cha unyevu cha umeme. Malipo yawe kwa simu, baada ya saini mbili. Kila mwalimu wa biashara angepiga makofi.

Yalianza kutekelezwa katikati ya Januari.

"Tulisema mwaka mpya, mambo mapya," binti aliniambia. "Tulifikiri hivyo tu. Hatukuwaza kingine."

Wakulima walifika vituoni wakakuta makarani wasiowajua wakiwauliza nambari za vitambulisho. Saini ya pili ilikuwa ya mtu aliye Nairobi, na malipo yaliyokuwa yakitoka siku hiyohiyo yakaanza kuchukua siku nne, tano, wiki. Na Januari ni mwezi wa karo. Mzazi aliyebeba gunia hawezi kumwambia mwalimu mkuu asubiri saini ya Nairobi. Madalali walikuwa kando ya barabara na pesa taslimu, bei ya chini, bila fomu. Ndengu nzuri zikaenda kwao. Zilizofika vituoni zilikuwa zile ambazo dalali amekataa, na makarani, wasiojua kisa cha gunia la chini, wakazipokea. Machi ghala lilikuwa na wadudu.

Mama wa kigoda alikuwa amepewa kazi ya kusimamia usafi. Hakugomba. Alikuwa akiona gari la fulani likiingia, anajua, ananyamaza, kwa sababu hakuna safu ya fomu iliyouliza anachojua.

Mwaka uliofuata walirekebisha, na hapa ndipo nilipoketi sawasawa. Hawakuyatupa yale masharti. Bodi ipo, mhasibu yupo, programu ipo. Walichofanya ni kumrudisha mama mlangoni, safari hii akiwa na cheo, mshahara na vijana wawili wa kufundisha. Kisha mabadiliko mengine yote yaliyobaki, hata kuhamisha hesabu kutoka programu moja kwenda nyingine, wakayapanga Juni, ghala likiwa tupu. Hesabu zilivurugika majuma mawili. Hakuna mkulima aliyejua, kwa sababu hakukuwa na mkulima.

Mtu akiniuliza kama mabadiliko hudhuru kampuni changa, nitamwuliza kwanza: Januari au Juni? Hannan na Freeman hawakuuliza hivyo, au angalau mimi sikuona. Wao walihesabu umri kwa miaka. Kampuni inayoishi kwa mazao haina miaka. Ina misimu, na msimu mmoja ukipotea si mwezi mmoja uliopotea, ni kipimo kizima cha umri wake. Nahodha wa Lamu atabadilisha tanga akiwa bandarini siku yoyote utakayomwambia. Mlangoni mwa mwamba hata umpe dhahabu hatoligusa.

Syongila iko pembeni mwa mji, kwenye barabara ya kuelekea Machakos, na ndipo kilipo kiwanda cha nguo cha kaunti, KICOTEC. Sikuingia ndani, wala sikuhitaji, maana nilichokitafuta pale ni historia yake ya hadharani. Kilizaliwa wakati wa Ngilu, aliyechaguliwa 2017 akiwa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuwa magavana Kenya, pamoja na Joyce Laboso na Anne Waiguru. Kazi ya kiwanda ilikuwa kushona sare. Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona, na kiwanda hicho kichanga kikageuza cherehani zake kushona barakoa. Kwa muda kikawa habari nchini na hata nje, picha za kina mama wa Kitui zikizunguka ulimwenguni.

Jioni, katika duka lake la ushonaji mjini, fundi mmoja aliyewahi kushona kwa wingi katika karakana kadhaa alinifafanulia ugumu wa kugeuza kazi namna hiyo. Katika karakana kubwa hakuna mtu anayeshona shati. Mmoja anashona kola, mwingine mkono, mwingine mfuko, na shati linatembea. Anayepanga nani akae wapi lazima ajue kasi ya kila mkono, la sivyo kola zinarundikana hapa na huku mtu amekaa bure.

"Bidhaa ikibadilika, sisi hatuogopi," alisema akikata uzi kwa meno. "Barakoa ni mistari miwili na elastiki. Ukimbadilisha anayetupanga, hapo ndipo utaona."

Kwa hiyo mwaka 2020 ulikuwa wa mapinduzi makubwa: kitambaa kipya, kipimo kipya cha ubora, mteja mpya. Walioshona na waliopanga walikuwa walewale, na amri ilitoka mahali palepale. Mwaka 2022 bidhaa ilibaki sare, na juu ya kiwanda akarudi Dakta Julius Malombe, aliyekuwa gavana wa kwanza kabla ya kushindwa na Ngilu 2017. Badiliko la kwanza lilionekana na kila mtu. La pili halionekani kwa macho, maana mashine ni zilezile. Lakini gavana mpya huapishwa Agosti. Mawaziri wake wa kaunti lazima wahojiwe na bunge la kaunti. Wakuu wa idara hukaimu wakiogopa kutia saini. Na shule zinafunguliwa Januari. Tena Januari ya 2023 haikuwa ya kawaida, kwani tarehe 30 ndipo watoto wa kwanza wa Gredi ya 7 walipoingia sekondari ya msingi, wengi wakihitaji sare. Simsemi mtu. Nasema kalenda hii ingemtoa jasho hata mwenye kiwanda cha miaka hamsini.

Mji huohuo una taasisi nyingine yenye kisa kama hicho, nayo ni Tanathi, ya maji. Sheria ya Maji ya 2002 iliunda bodi za kikanda, na ya eneo hili ikawekwa Kitui. Chini yake zikaundwa kampuni za kusambaza maji, Kitui, Wote na kwingineko. Katiba ya 2010 ikaikabidhi kaunti huduma ya maji. Sheria ya 2016 ikaifanya bodi kuwa wakala wa ujenzi wa miradi. Kampuni ya maji iliyozaliwa miaka hiyo ilikuwa imebadilishiwa mzazi mara mbili kabla haijafika umri wa kupata kitambulisho. Lakini sikukawia hapo. Kote Kenya zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayalipiwi, na bomba linalovuja linavuja chini ya sheria yoyote.

Matatu ya Machakos ilipita Wamunyu, na hapo ilinibidi nigeuze shingo. Sanamu za mpingo na twiga wa mbao tunaowauzia watalii Mombasa asili yao ni hapa: Mutisya Munge alijifunza uchongaji huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaurudisha kijijini, na wanakijiji wake wakaushusha hadi Changamwe, ambako ushirika wao wa 1963 ungalipo. Ushirika ulioishi zaidi ya miaka sitini ungefaa safari yake mwenyewe. Dereva hakusimama.

Makueni inaanza kwa kijani. Ukitoka Machakos kwenda Wote unaona vilima vilivyokatwa matuta, na kwenye matuta miembe. Januari miembe imeinama. Nilijisikia nyumbani, nami nilikuwa na haki: embe la apple, linalotawala mashamba haya, asili yake ni Pwani, upande wa Malindi. Kwetu linaliwa barazani na pilipili na chumvi. Huku limekuwa karo, mabati na matibabu.

Na tatizo. Maembe yote yanaiva pamoja. Nzi wa matunda aliyeingia Kenya 2003 aliyafukuza katika soko la Ulaya, hadi mwaka 2014 nchi ikasitisha yenyewe kupeleka maembe huko kabla haijafungiwa mlango. Ndiyo maana Profesa Kivutha Kibwana, gavana wa kwanza, alijenga kiwanda huko Kalamba: embe likishageuzwa rojo, likapashwa moto na kufungwa katika mifuko isiyopenyeza vijidudu, halina haja ya kukimbizwa sokoni. Kilianza kazi 2017. Tofauti yake na cha jirani ni kwamba Makueni ilikipatia mamlaka yake ya kisheria, yenye jukumu la kustawisha na kuuza matunda, ili kisiwe dawati tu katika wizara. Wengi watasema hilo ni suala la karatasi. Mimi, baada ya kisa cha ndengu, niliona karatasi hiyo ina uzito: mwaka 2022 Kibwana alipomaliza muhula wake na Mutula Kilonzo Junior akaingia, kulikuwa na chombo ambacho jina lake halikutegemea nani ameapishwa.

Lakini sheria haitikisi chumvi kwenye chupa. Bodi yenye mamlaka kamili, ikiwa wajumbe wake wanateuliwa upya Novemba, itajifunza bei ya embe pamoja na embe lenyewe. Mkulima niliyemkuta nje ya Kalamba, mwanamume mwenye miembe ipatayo mia na maneno machache, hakujali chombo kinaitwaje. Kwanza nilimwita kaka, kisha nikaona mvi chini ya kofia nikambadilisha kuwa mzee, akacheka. Alinieleza hesabu zake. Dalali ananunua kwa embe au kwa mti mzima, anachagua makubwa yasiyo na doa, analipa papo hapo, na hupotea Februari. Kiwanda kinanunua kwa kilo, hakijali sura, kinachukua hata yale madogo ambayo dalali huyaacha yaoze chini. Kwake kiwanda ni bora, kwa sharti kwamba ajue mapema lini kitafungua mlango na lini kitalipa.

"Embe likishaanza kunukia nina siku tano," alisema. "Ofisini siku tano ni mkutano mmoja."

Nikamwuliza anafanyaje, basi, asipojua.

Alikuwa ameshapanga. Msimu huu na ujao, mengi yataenda kiwandani na machache kwa dalali wa Nairobi, ili asimkasirishe. Kisha akataja mwaka 2027 kabla sijautaja mimi. Tarehe 10 Agosti kuna uchaguzi, na maembe yake yataiva Desemba kama kawaida. Msimu huo, awe ameshinda nani, anauza miti yote kwa dalali ikiwa bado na maua. Ameshamwambia dalali, na dalali ameshaanza kumpunguzia bei.